Mishipi ya Mzee wa Kanisa

Kila mwenye duka ana mteja mmoja ambaye akimwona anavuka barabara anatamani afunge mlango, na siku asipokuja anachungulia nje mpaka jioni. Wangu alikuwa Mzee wa Kanisa. Kijenge nzima ilimwita hivyo, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri tangu wachungaji wa sasa wakiwa shule ya msingi, na mimi, Mwislamu wa Kondoa, nilimwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua. Siliandiki hapa kwa sababu ndugu zake wapo na jambo lenyewe bado linawauma.

Duka langu ni la vifaa vya ujenzi. Nauza misumari, bawaba, rangi, koki za maji, na kwenye rafu ya nyuma ya kaunta nauza mishipi ya kuvulia samaki. Wageni wakiiona hiyo rafu wanacheka. Arusha hii, mji wa nyama choma, nani anavua? Ukweli ni kwamba rafu ilianza kwa ajili yake. Aliniomba nimwagizie nailoni kutoka Dar, ilipofika akaikataa, akaomba nyingine, akaikataa nayo, na iliyofuata akaichukua huku akinung'unika. Zile alizozikataa nikawauzia vijana wanaovua ziwa Duluti, wakazipenda, na biashara ikaanzia hapo.

Kununua uzi kwake halikuwa jambo la kupita njia. Aliingia asubuhi wakati mafundi wamejaa, akavua kofia, akasalimia kila mtu kwa mkono, kisha akaomba rafu nzima ishushwe. Siku moja fundi bomba alisimama nyuma yake akiwa ameacha maji yanamwagika sebuleni kwa mtu. Mzee hakuwa na habari. Aliupitisha uzi polepole katikati ya midomo, macho ameyafumba, akitafuta mahali penye mkwaruzo, maana alisema vidole vya mtu aliyelima vimekuwa sugu na havisikii tena. Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule babu anataka kununua uzi au kuula. Nikamwambia avumilie, nami nikaendelea kumpimia mwingine misumari.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa tangu ujana kama wazee wengi wa Kiarusha. Alizikunja juu ya sikio ili zisimsumbue. Hata ziwani alivaa koti la kanisani, jeusi, juu ya gambuti za shamba. Ukimwona kwa mbali ungedhani anakwenda kumzika mtu ndani ya maji.

Mimi aliniita yeyo, ndivyo Waarusha wanavyomwita mama, ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake. Mara ya kwanza kugombana tuligombana kwa sababu ya dirisha. Nilikuwa nimezipanga nyuzi kwenye kioo cha mbele ili wapita njia wazione. Alisimama nje akazitazama, akaingia bila hata kusalimia, jambo ambalo kwake lilikuwa kama tusi.

"Yeyo, nani amekuambia uanike nyuzi kama mahindi?"

"Nataka zionekane, Mzee."

"Zinaonekana zinavyokufa. Jua linakula nailoni. Mtu atanunua hapa, samaki atavuta mara moja tu, uzi utakatika, naye atasema ni shetani. Si shetani. Ni dirisha lako."

Nikazitoa. Niliudhika, lakini nilizitoa, na wateja wakaacha kulalamika.

Alikuwa na desturi ya kumhoji kila aliyekuja kununua mshipi, kama vile duka ni lake. Kuna kijana wa Tengeru aliyeomba uzi mnene kuliko wote. Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akamwuliza anakwenda kuvua nini.

"Chochote tu, babu. Nitakachopata."

"Hicho hakina uzi wake. Sema samaki."

Kijana akasema perege. Basi Mzee akamrudishia ule mnene rafuni kwa mkono wake mwenyewe. Perege, alisema, ana macho na ana mashaka. Anakaa kando ya matete, anakuja kwenye chambo, anakigusa, anarudi nyuma, anakifikiria. Ukimtegea kamba ya kufungia mbuzi anaiona na anaondoka. Yeye anataka nailoni nyembamba isiyo na rangi, na boya jepesi, kizibo tu cha chupa. Halafu nailoni ina huruma, inanyumbuka, na mdomo wa perege ni laini, kwa hiyo ukivuta kwa papara uzi unanyumbuka kidogo badala ya ndoana kumchana mdomo. Kambale ni mambo mengine. Huyo analala chini kwenye tope na mizizi, hana haja ya kuona, ananusa tu. Kwake unaweka nailoni nene yenye ngozi ngumu na chubwi zito la kuishusha mpaka chini, kwa sababu akishanaswa atakimbilia kwenye mizizi, na hapo uzi mwembamba unasagika.

Na ule uzi wa kusuka je, kijana aliuliza, ule wa bei kubwa? Mzee akakunja uso. Uzi wa kusuka alikuwa akiusema vibaya kila siku na kuununua kila mwaka. Alisema haunyumbuki hata kidogo, samaki akipumua tu unasikia kidoleni, na kwa mtu anayerusha kijiko cha bati, chambo cha bandia, mbali na kukivuta tena hakuna kama huo, kwa kuwa ni mwembamba na unaruka. Lakini unakata vidole na samaki anauona. Kwa hiyo mwishoni unafunga kipande cha nailoni, kama urefu wa mkono, ili samaki akutane na kile asichokiona. Na fundo lilowanishe mate kabla ya kulikaza, fundo kavu linajiunguza lenyewe.

Kijana akataka kujua kwa nini asichukue tu uzi usiokatika kabisa amalize maneno.

"Kitu kimoja lazima kikatike," Mzee akamjibu. "Ukinasa kwenye gogo, usipokatika uzi itakatika fimbo, au utaingia majini mwenyewe. Afadhali kikatike cha bei ndogo."

Nilikuwa nikimsikiliza na kumcheka. Sasa ngoja niseme kilichokuwa kinamsumbua, maana bila hilo mtaona nawasimulia habari za nailoni tu.

Waarusha wa umri wake hawali samaki. Siku hizi wajukuu wao wanakula samaki wa kukaanga mjini bila wasiwasi wowote, lakini kwa wazee samaki ni ndugu wa nyoka, kitu cha watu wasio na ng'ombe. Kwenye familia ya Mzee jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi ya kinyaa. Baba yao, katika ukame uliomaliza mifugo yote wakiwa watoto, aliletewa samaki wakavu wa msaada akawakataa, akatamka mbele ya wanawe kwamba atakayekula nyoka wa majini asilazwe kwenye udongo wake. Akafa kabla hajalifuta neno hilo, likabaki. Mlinzi wake akawa kaka mkubwa wa Mzee, anayeishi kwenye shamba la baba yao upande wa magharibi wa Mlima Meru, na ambaye hushuka na mbuzi wake kuuza sokoni Kwa Mrombo.

Kwenye shamba hilo, kati ya migomba, ndipo alipozikwa mke wa Mzee. Pembeni ya kaburi wameacha nafasi. Mzee alikuwa akiitaja ile nafasi kama mtu anavyotaja nyumba aliyoijenga na hajahamia. Alisema amelala vibaya tangu mkewe afariki, atalala vizuri akifika pale. Na ili afike pale, ilibidi awe mtu ambaye hajala samaki.

Kuvua kwenyewe, ndugu zake walikuhesabu kuwa ni wazimu. Baba yao alikataza kula, hakutaja kuvua. Waliamini kwamba anavua kwa kupoteza muda na kwamba samaki wote anatugawia sisi Waswahili wa Kijenge. Hata hivyo kaka yake hakupenda. Nimewahi kuwasikia wakibishana nje ya duka langu. Mzee alimkumbusha kwamba hata Petro, mtume wa Bwana, alikuwa mvuvi.

"Petro hakuwa Mwarusha," kaka yake akasema, akaenda zake na mbuzi wake.

Mzee alicheka sana siku ile. Mimi pia. Lakini aliporudi kukaa kwenye ndoo yake nikaona analikaza fundo bila kulilowanisha mate.

Kwa sababu alikuwa anakula. Alikula kwangu, jikoni, nyuma ya duka, Jumamosi. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, ndiye aliyempikia. Mzee alifika kutoka Duluti na kiroba ambacho juu amekifunika na mchicha ili watu wadhani ametoka shambani. Alipitia njia za ndani za Kimandolu, kule ambako hana jamaa. Koti alilitundika uani mbali na moshi. Mama aliwakaanga perege, akasonga ugali, na Mzee akala akichambua mfupa mmoja mmoja na kuupanga pembeni ya sahani. Kisha alinawa kwa limao, halafu kwa sabuni ya kufulia, halafu kwa limao tena, akainusa mikono yake kama mtu anayekaguliwa. Mama alimtania kwamba atachubuka ngozi.

Mke wake alipokuwa hai alizifua zile shati zenye harufu miaka yote na hakuwahi kumwuliza. Nilimwuliza Mzee kama anadhani alijua. Akasema mwanamke aliyeishi naye nyumba moja maisha yote hawezi kukosa kujua, ila alikuwa na busara ya kutouliza.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya mambo yote. Mzee yule hakujua kusema uongo. Sisemi kwamba alikuwa mtakatifu, hapana, nadhani hata ulikuwa ulemavu wa aina fulani. Bibi harusi mmoja alimwuliza kama gauni limempendeza, akamjibu kwamba limembana tumboni. Mchungaji alimwuliza kama mahubiri yalimgusa, akasema alisinzia katikati. Watu walishajifunza kutomwuliza kitu ambacho hawataki jibu lake, na ndugu zake walijifunza kuliko wote. Miaka yote ile, hakuna hata mmoja wa ukoo aliyemwuliza kama anakula samaki. Walimzunguka kama watu wanavyozunguka shimo kwenye njia wanayoijua.

Na yeye, ambaye kanisani alisimama kuwahimiza vijana wawe majasiri, alipita njia za uani na kiroba cha mchicha. Nilimwambia hivyo usoni siku moja nikiwa nimechoka. Akaniangalia, akasema ni kweli. Hakujitetea. Nilijisikia vibaya, nikamwongezea ugali.

Mara moja tu ndiyo aliyotueleza kwa nini. Mvua ilikuwa imemzuia kuondoka, na Mama, ambaye hana haya ya kuuliza, akamwuliza Mwarusha mzima alijifunzia wapi utamu wa samaki. Mzee akasema walikuwa na mdogo wao wa kike. Katika ukame ule, maziwa yalipokauka na mahindi kuisha, kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimbeba yule mtoto mgongoni mchana kutwa ili asilie. Wale samaki wa msaada walikuwa kwenye gunia, nyumba ya jirani Mmeru, karibu kabisa. Baba alikataa. Mtoto hakuumaliza ukame ule. Baada ya mazishi, Mzee, akiwa bado mtoto, alikwenda kwa yule jirani akaomba samaki mmoja, akamla amesimama nyuma ya zizi.

"Nilitaka kujua ni kitu gani hicho," alisema. "Nikakuta ni chakula."

Mama akalia. Mzee hakulia, aliuliza tu kama mvua imepungua.

Sijawahi kumwelewa baba yao na sitajaribu. Lakini nilimkasirikia pia Mzee, kwa kuwa siku zote alitaka mambo mawili: samaki, na udongo wa baba yake. Alikuwa mtu wa kukuchagulia uzi kwa kila maji na kila samaki, na jambo lake mwenyewe akalining'iniza hivyo hivyo miaka nenda rudi akitumaini halitavutwa.

Likavutwa. Alipata kiharusi akiwa anavaa kwenda ibadani. Mkono wa kulia ukafa, na mguu, na maneno yakawa yanatoka yamekunjamana. Watoto wake wako Dodoma na Dar, walikuja wakaondoka. Kaka yake ndiye aliyekuja na gari ya kukodi, akamfunika shuka, akambeba kwa mikono yake mwenyewe, mzee kumbeba mzee, akampeleka nyumbani kwa baba yao. Kabla ya hapo alipita dukani kwangu akaniambia mambo ya ziwani yamekwisha. Nikasema ni sawa. Mishipi ya Mzee nikawagawia wale vijana wa Duluti kama alivyoniagiza.

Zikapita wiki nyingi. Halafu asubuhi moja kaka yake akasimama tena mlangoni kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini hakutaka kukaa wala soda hakutaka.

"Ndugu yangu anapungua," alisema. "Njoo Jumapili umwone. Wazee watakuwepo." Akatazama rafu yangu ya nyuzi, akatazama pembeni. "Kuna maneno wazee wameyasikia. Watakuuliza. Wewe si wa kwetu, ni mtu wa dini, huna unachotafuta pale kwetu. Neno lako watalipokea."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wiki nzima nilibishana na Mama. Mama alisema uongo wa kumsaidia marehemu mtarajiwa alale na mkewe, Mungu atauelewa. Mimi nilisema Mungu ndiye anayeujua vizuri uongo. Mpaka Jumapili inafika nilikuwa nimeshakata shauri: ningesema hakula. Nikanunua sukari, mchele na sabuni, nikapanda bodaboda.

Kule juu kulikuwa na baridi na ukungu umefunika mlima wote. Mzee walikuwa wamemweka sebuleni kwenye kochi, koti lake jeusi juu ya shuka. Alikuwa amekwisha. Nilimshika mkono wa kushoto, ule mzima, akanitambua, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Yeyo. Vijana wanachukua uzi gani siku hizi?"

"Mnene tu, Mzee. Kwa kila kitu."

"Watafukuza perege wote," alisema, na kwa muda akawa yule yule wa kwenye ndoo ya rangi. Kisha akachoka, akafumba macho, tukajua amelala.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti kuzunguka chumba, fimbo katikati ya magoti. Tukala loshoro, yale makande yao ya maziwa ya mgando, tukanywa chai. Waliniuliza habari za mjini, za biashara, za mama yangu. Kisha kaka mkubwa akaweka kikombe chini, akazungumza Kiswahili taratibu ili kila mtu asikie.

"Mama huyu ni jirani wa ndugu yetu. Samaki wote aliovua alikuwa anawapelekea wao. Wazee wanataka kujua jambo moja tu. Yeyo, ndugu yetu alikula?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu hafungui kinywa mbele ya wazee na kutupa jibu kama anatupa maganda. Nikakaa vizuri, nikavuta mtandio. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Kwanza nashukuru kwa kunikaribisha nyumbani kwenu, na mama yangu amenituma niwape salamu zake nyingi, na pole ya kuuguza..."

"Nilikula."

Sauti ilitoka kwenye kochi. Macho yake yalikuwa wazi.

"Nilikula kwake, jikoni, Jumamosi," alisema, neno moja moja, akilisukuma kila moja. "Perege. Msimfanye mama wa watu adanganye kwa ajili yangu."

Hakuna aliyepaza sauti. Walizungumza kidogo Kimaasai, sauti za chini, na mimi nilikuwa nimebaki na salamu zangu nusu. Mzee mmoja akavaa kofia, akatoka. Wengine wakamfuata, kila mmoja akipita mbele ya kochi bila kutazama. Mzee alikuwa akiangalia dari. Uso wake ulitulia, ule upande uliokuwa bado na uhai, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumwambia nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimekubali kuubeba huo uongo. Nikamfunika tu shuka vizuri. Akaniambia niondoke mapema kabla mvua haijaharibu barabara.

Kaka yake alinisindikiza. Tulipita kando ya kaburi la mkewe Mzee, lenye vigae vyeupe, na ile nafasi pembeni yake iliyopaliliwa vizuri. Hakusimama. Tulipofika barabarani, dereva wangu wa bodaboda akawa amekwenda kununua vocha, tukabaki wawili tunangoja.

"Yeyo, mimi nilikuuliza wewe," alisema.

"Najua, Mzee."

"Ungesema hapana. Neno moja. Wote walikuwa wamekuja kulisikia hilo, wakale mbuzi, waende nyumbani. Salamu zote zile zilikuwa za nini?"

Nikamwuliza kama yeye angeliamini neno langu.

"Mimi nina pua," alisema. "Nimejua tangu tukiwa watoto. Alirudi kutoka nyuma ya zizi, nikamnusa." Aliinua shuka lake akajifuta macho, bila kuficha. "Sasa yeye mwenyewe amesema, mbele yao. Nitafanyaje? Atalala makaburi ya mjini. Na mimi nitalala hapa peke yangu na Baba."

Pikipiki ikasikika inarudi. Nilipanda, nikajifunga mtandio, nikamuaga. Hakuitikia. Alikuwa ameshika usukani wa pikipiki kwa mkono mmoja, kama mtu anayemzuia mbuzi, na dereva alikuwa akinitazama asijue la kufanya.

"Hapo kwako," akasema. "Alikuwa anakula na nini?"

"Ugali, Mzee. Na mchicha."

"Alikuwa anashiba?"

"Alikuwa anashiba."

Akaachia usukani.